Mkutano Uliopitisha Sindano

Mpwa wangu alipopimwa na kupatikana na dawa za kututumua misuli, Kasikeu nzima ilishtuka. Ilishtuka vizuri sana. Sijawahi kuona watu wakishtuka kwa ustadi namna ile. Mwenyekiti wa kamati yetu alishtuka akiwa amesimama, kisha akaketi akashtuka tena. Kocha alishtuka mpaka akaitisha maji ya kunywa. Mimi mwenyewe, mtu mnene ambaye si rahisi kumshtua, nilishika kiuno nikasema "Haiya!" kwa sauti iliyofika Sultan Hamud bila kutumia simu. Na sisi wote tuliokuwa tukishtuka hivyo ndio tuliompitishia dawa hizo, kwa kuinua mikono, katika darasa la watoto la kanisa, baada ya maombi ya kufungua mkutano.

Nieleze polepole, maana nikisimulia jambo hili watu hudhani natia chumvi. Kutia chumvi ni tabia yangu, sikatai. Dada yangu husema nikitumwa kuhesabu mbuzi wawili lazima mmoja azae kabla sijarudi. Lakini hii ya kamati imekuja na chumvi yake kutoka dukani.

Mimi ni fundi wa milango ya chuma pale Sultan Hamud. Shule niliiacha darasa la saba, nikairudia nikiwa na miaka thelathini na nane, masomo ya jioni, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto mpaka magoti yanagusa masikio. Mtihani wa kidato cha nne nikapata C ya katikati, na C hiyo niliitembeza Kasikeu na viunga vyake kama fahali wa maonyesho. Hakuna mtu aliyeninunulia chai mwaka ule bila kuisikia. Katika masomo yote nililopenda zaidi ni insha ya kumbukumbu za mkutano. Waliohudhuria, waliotuma udhuru, yatokanayo na mkutano uliopita, shughuli nyinginezo. Nilihisi kwamba kama dunia yote ingeandikwa hivyo, hakungekuwa na ugomvi tena.

Basi mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, alishika nafasi ya pili katika mbio za barabarani kule Kitui, na wakala mmoja wa Nairobi akamwona. Akaanza kupelekwa mbio za nje ya nchi. Kukimbia kukawa ndio kazi yake, kama vile kuchomelea milango ni kazi yangu. Na kwetu, mtu akipata kazi ya maana haachwi aifanye peke yake. Anaundiwa kamati. Sisi watu wa huku tukitaka kuchimba shimo la choo tunaanza kwa kumchagua mwenyekiti na makamu wake, na jembe linatafutwa baadaye.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, mtu aliyezungumza kana kwamba kila neno linalotoka limevaa tai. Kocha alikuwa mtu wa kudunga ng'ombe. Miaka na miaka alizunguka na mkoba wake akitibu mifugo, na wiki mpwa wangu alipopata yule wakala, alinunua filimbi akaitia shingoni. Huko ndiko kufuzu kwake. Sidhani aliwahi kukimbia maishani mwake ila siku alipofukuzwa na fahali aliyemdunga sindano mahali pasipofaa. Mimi nikawa katibu, kwa sababu ya ile C.

Mpwa wangu mwenyewe hakuwa mwanakamati. Hatukuona haja. Sisi tungezungumza, yeye angekimbia.

Mkutano ninaouzungumzia ulifanyika Jumapili moja ya mwezi wa tatu, baada ya ibada. Tulikuwa tisa, tumekaa kwenye viti vidogo vya rangi rangi. Dada yangu alikuja kutuletea chai, akabaki amesimama mlangoni na birika. Tulipofika ajenda ya nne, kocha alitoa boksi dogo jeupe kwenye ule mkoba wake wa ng'ombe akaliweka mezani polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Wenzetu wanasaidiwa," akasema. "Wetu ako na miguu, lakini hasaidiwi. Hii natoa kwa chemist, si ya ng'ombe, msiniangalie hivyo."

Mwenyekiti alilisukuma boksi kwangu kwa kidole kimoja. "Katibu, wewe ndiye msomi wetu. Hebu tusomee."

Jamani, nililisoma lile boksi. Nilisimama hata. Nilisoma jina la dawa, nikasoma kiwanda, nikasoma mahali pa kuihifadhi, nikasoma mpaka tarehe ya kuharibika, nikitamka Kiingereza kwa mdomo wa mbele kama mtu anayekula embe bila kutaka kuchafua shati. Nilielewa theluthi moja. Ndani ya theluthi hiyo kulikuwa na neno homoni, ambalo nililijua vizuri kabisa, maana tulilisoma katika bayolojia na nikalijibu kwenye mtihani. Nilijua ni homoni gani na inatengeneza nini mwilini. Nililipita neno hilo kwa kasi.

Dada yangu akauliza kutoka mlangoni, "Na haina madhara kwa msichana?"

Macho yote yakanigeukia. Kwa mtu aliyekaa miaka mitatu na magoti masikioni, macho kama yale ni sukari. Sikuweza kusema sijui.

"Kisayansi," nikasema, "ni kitu cha kujenga mwili."

"Amina," akasema mmoja wa wanakamati, sijui akiitikia nini.

Ikapendekezwa, ikaungwa mkono, mikono ikainuka, nami nikaandika. Na kwa vile nilikuwa katibu mwema, niliandika kila kitu. Ndivyo tulivyofundishwa. Nikikumbuka sasa navuta pumzi: duniani kote watu wakitaka kufanya uovu hufunga dirisha, sisi tukaandika nani alipendekeza.

Jioni ile mpwa wangu alinikuta njiani anatoka kukimbia, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini. Akaniuliza, "Mjomba, kocha anasema ulisoma hiyo boksi."

"Nilisoma yote."

"Iko sawa?"

"Iko sawa kabisa," nikasema. Akanishukuru.

Basi ikawa kila Ijumaa anadungwa Kiboko, ambako kocha alikuwa amekodi chumba karibu na barabara kuu akakiita kambi. Kambi ilikuwa godoro moja, karai na picha ya kocha. Mpwa wangu alikimbia kwenye njia za vumbi za huko, joto linachemsha ubongo, na miezi miwili haikuisha kabla mabega yake hayajawa kama ya mpiga mbizi. Ukimwona kwa nyuma ungemsalimia "Kaka, habari." Alishinda Kitui, si kwa kifua bali kwa umbali wa kutosha kuoga na kubadilisha nguo kabla wa pili hajafika. Tulicheza pale barabarani mpaka mwenyekiti akavunjika fimbo.

Halafu sauti ikaanza. Kanisani alikuwa akiimba sauti ya kwanza, ile ya juu, na Jumapili moja akafungua mdomo ikatoka sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Waumini wakageuka. Unadhani kamati iliitisha mkutano? Kwaya ilikuwa na upungufu wa wanaume, wakamhamisha akaenda kuimba sauti ya tatu, na mwalimu wa kwaya akamshukuru Mungu kwa kujibu maombi. Kidevuni alianza kuota nywele. Dada yangu akaleta habari hiyo kwangu, akiwa na aibu ya kuisema.

"Ni vumbi la Kiboko," nikamwambia.

"Vumbi linaota nywele?"

"Ni hali ya hewa, dada. Mwili unajikinga."

Hayo ni maneno yangu, mimi mwenye cheti. Nayaandika hapa ili nisiwe nawacheka wengine tu.

Watu wa kupima walifika asubuhi moja bila kuarifu, kama ilivyo kawaida yao. Mwanamke na mwanamume, wametoka Nairobi na gari dogo na sanduku la chupa. Walitaka mkojo wa mpwa wangu, wafunge chupa, waende. Lakini nani hufika Kasikeu akaenda hivyo? Mwenyekiti alipata habari akaja mbio akifunga vifungo vya koti.

"Wageni wetu wapendwa, karibuni nyumbani kwa riadha!"

"Asante, mzee, tumekuja kuchukua sampuli tu."

"Mtachukua. Lakini hamwezi kuchukua na njaa."

Jogoo akachinjwa. Wageni walikaa chini ya kivuli cha ukuta wakimtazama mpwa wangu bila kupepesa, maana sheria yao hairuhusu atoke machoni pao, na yule mwanamke alipomfuata mpaka ndani ya choo, dada yangu akauliza kwa sauti, "Kwani anaogopa atapotea huko ndani?" Choo chetu ni cha mtu mmoja mwembamba. Walivyoenea humo wawili, na chupa, sijui mpaka leo.

Kisha ikatolewa fomu. Mwanamume akamuuliza mpwa wangu ni dawa gani ametumia siku saba zilizopita, hata kama ni ya kichwa. Kabla hajafungua mdomo, mwenyekiti akacheka.

"Dawa? Bwana, dawa yetu hapa ni maombi na sahani ya muthokoi!"

Wageni wakatabasamu. Mpwa wangu akanitazama mimi. Nilikuwa na paja la kuku mkononi. Nililitazama hilo paja kwa bidii kuliko nilivyowahi kutazama kitabu chochote. Akaandika "hakuna", akatia sahihi.

Barua ilikuja kwa simu yake baada ya wiki chache, na ilikuwa imeandikwa wazi kabisa. Dawa ilikuwa ile ile ya boksi. Adhabu ni miaka minne bila mbio. Alikuwa na miaka ishirini na nne. Kazi ya miguu haingojei mtu mpaka afike ishirini na minane akiwa hajakimbizana na yeyote, na wakala alishajibu kwa ujumbe wa maneno matatu kwamba anamtakia heri. Aliyebaki kumsimamia ni kamati.

Kwa mara ya kwanza alialikwa kwenye mkutano. Akapewa kiti kidogo cha kijani, mabega yake yakaenea pande zote. Baada ya ile shoo ya kushtuka niliyoieleza, kocha alisimama. Hakuwa na aibu hata ya kukodi.

"Mnajua besiboli?" akauliza.

Hakuna aliyejua.

"Ni mchezo wa Wamarekani. Wanavaa kama pajama halafu wanapiga mpira na rungu. Nimeangalia kwa televisheni, habari yao yote, hapo hotelini Sultan. Hao watu walidungwa miaka mingi. Shingo ikawa ya fahali. Mpira ukipigwa unatoka nje ya uwanja, watu wanashangilia! Sasa niulizeni, siku ilipojulikana, nani aliitwa kuulizwa? Mwenye timu? Hapana. Kocha? Hapana. Daktari? Mchezaji! Peke yake! Hiyo ndio sheria ya michezo dunia nzima. Mwenye mwili ndio mwenye makosa."

Akaketi. Watu wakatikisa vichwa kana kwamba wamesomewa Torati.

Baadaye niliitafuta hiyo besiboli kwenye simu, nikasoma siku mbili nikiwa nimevaa miwani ya kuchomelea juu ya kichwa, na niseme kocha hakudanganya sana, alikata tu kipande alichokipenda. Kulikuwa na wenye timu waliojaza viwanja wakahesabu watazamaji wala wasihesabu ukubwa wa shingo. Kulikuwa na makocha waliojifunza kutazama upande wa pili mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ukifunguliwa. Kulikuwa na waandishi walioona mtu ananenepa kichwa, kichwa chenyewe, mpaka kofia haiingii, wakaandika kuhusu mazoezi na maziwa. Na wachezaji, watu wazima wenye akili zao, waliojua kilichomo kwenye sindano. Kisha ilipoharibika, kila mmoja akamnyooshea kidole aliye karibu naye. Nilicheka peke yangu pale karakana. Ilikuwa Kasikeu yenye nyasi nzuri.

Turudi mkutanoni. Mwenyekiti alikohoa, akasema kuna njia ya kumsaidia mtoto wetu bila kumwaibisha mtu yeyote aliye hai. Ndivyo alivyosema, aliye hai. Alipendekeza tuandike barua Nairobi kwamba msichana alikunywa miti shamba aliyopewa na marehemu nyanya yake.

Nyanya yake ni mama yangu. Mama yangu aliyefariki miaka minane nyuma, ambaye dawa pekee aliyoiamini ilikuwa mafuta ya kujipaka mgongoni.

Dada yangu akaweka birika chini. "Mnataka kumtoa mama yangu kaburini aje awatetee nyinyi?"

"Mwaitu, tulia," mwenyekiti akasema, akimwita kwa heshima ya mama kama tunavyofanya. "Ni mbinu tu."

Mpwa wangu akauliza kwa ile sauti yake mpya nzito, "Alinipa lini? Alikufa nikiwa kidato cha pili."

"Miti shamba hukaa mwilini," kocha akasema.

Na wakapiga kura! Mikono ikainuka kumchagua mama yangu kuwa mkosaji. Mimi sikuinua wangu, lakini msinisifu, maana ulikuwa na kalamu. Niliandika: *Ilikubaliwa kwamba marehemu alimpa mjukuu wake miti shamba.* Hivyo ndivyo ukweli ulivyotengenezwa kwetu, ulipendekezwa ukaungwa mkono.

Walipotoka, mwenyekiti alinishika kiwiko.

"Katibu. Ule ukurasa wa mwezi wa tatu. Nambari nne. Hicho kitabu si kililoweshwa na mvua?"

"Hakijaloweshwa."

"Kitaloweshwa."

Kasikeu mvua yenyewe tunaiona kwa taarifa ya habari, sijui angeitoa wapi. Lakini nilimwelewa.

Siku mbili baadaye mpwa wangu alikuja karakana Sultan Hamud. Nilikuwa nachomelea lango, nikazima mashine. Hakuketi.

"Mjomba, wale watu wa ofisi ya kupima wamenipigia. Wanasema nikionyesha nani alinipa na nani alinidunga, wanaweza kupunguza. Miaka inaweza kuwa miwili."

"Si uwaambie ni kocha."

"Nimewaambia. Kocha amesema nilienda chemist mwenyewe, yeye hata sindano hajui kushika. Mtu wa ng'ombe! Wanataka kitu cha kuonekana. Nyinyi mnaandikanga kila kitu. Hiyo mliandika?"

Kitabu kilikuwa mita mbili kutoka mahali aliposimama, juu ya rafu, kati ya bati la rangi na redio.

"Nitaangalia," nikasema.

"Sikwambii sikujua," akasema. "Sauti ikikuacha unajua. Nilijua, nikaogopa kuuliza, kwa sababu nilikuwa nashinda. Hiyo yangu nitabeba. Lakini miaka minne ni ya watu wengi, mjomba. Siwezi kubeba ya watu tisa."

Akaenda. Nami nilikaa na kitabu hicho siku tatu. Siku tatu nzima, na mtoto wa dada yangu anahesabu siku za rufaa. Sitaki kusema nilikuwa nafikiri, kufikiri ni neno la heshima. Nilikuwa nasoma ule ukurasa tena na tena nikitafuta namna ambavyo jina langu lingetoka na la kocha libaki. Nilipima hata kama kumwaga rangi kidogo mahali fulani kungeonekana ajali. Maana kwenye kumbukumbu ile hakukuwa na kocha tu. Kulikuwa na katibu, na katibu alikuwa amejiandika kwa sarufi safi isiyo na doa. Ningeitoa, Kasikeu ingejua kwamba msomi wake wa jioni alisoma neno akalificha ili atazamwe. C yangu yote ingekuwa mzaha.

Siku ya nne mwenyekiti alipita karakana na koti lake akauliza kama mvua imenyesha. Aliuliza akitabasamu, kama mtu anayeuliza habari za watoto. Tabasamu hilo ndilo lililonikata. Niliona kwamba ninafanana nalo. Nikamwambia, "Mwalimu, kwenu imenyesha?" akaondoka akidhani ni jibu la ndiyo.

Nilifunga karakana saa sita mchana nikaenda kwa dada yangu na kitabu kwapani. Walikuwa uani wanachambua pojo, mama na binti. Sikuwapa kitabu wasome. Niliona nikiwapa nitakuwa nimekwepa tena, basi nikasoma mwenyewe kwa sauti.

"Kumbukumbu nambari nne. Sindano za mwanariadha. Kocha aliufahamisha mkutano kuwa wanariadha wengine wanasaidiwa. Alionyesha boksi la dawa. Katibu alisoma maandishi yote ya boksi na kuuthibitishia mkutano kuwa dawa ni ya kujenga mwili. Mama wa mwanariadha aliuliza kuhusu madhara na akajibiwa kisayansi. Ilipendekezwa na kocha na kuungwa mkono na makamu wa mwenyekiti kwamba mwanariadha adungwe kila Ijumaa. Mkutano ulikubali kwa kauli moja."

Pojo zikaacha kusikika kwenye ungo.

"Akajibiwa kisayansi," dada yangu akarudia. "Nilikuuliza mbele ya watu kama ina madhara."

"Uliniuliza."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilijua neno moja. Hilo moja lilitosha."

Nilingoja anitukane, na kwa kweli nilitamani. Dada yangu ana matusi ya kukausha mti. Akainuka akaingia ndani, akafunga mlango ambao nilimchomelea mimi mwenyewe.

Mpwa wangu alinyoosha mkono akachukua kitabu. Alifunua kurasa, akaona na ile ya nyanya yake, akasoma na hiyo. "Kwa hivyo siku ile njiani," akasema, "ulikuwa unajua nikikushukuru."

"Ndiyo."

"Utakuja uwaambie hivyo?"

"Nitakuja."

Kikao cha rufaa yake kilifanyika kwa video, nasi tuliketi katika duka la kompyuta pale Sultan Hamud, mashabiki wa mpira wakipiga kelele chumba cha pili. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa tano yenye utangulizi. Mwanamke mmoja kwenye kioo aliniuliza jukumu langu lilikuwa lipi katika kamati, nikafungua mdomo, nikamwona mpwa wangu pembeni amekunja mikono juu ya magoti. Zile kurasa tano nikaziacha.

"Nilisoma boksi nikadanganya," nikasema. "Aliyefanyiwa mkutano hakuwa mkutanoni."

Kocha alipopigiwa alisema haelewi, mtandao ni mbaya, kisha mtandao ukawa mbaya kweli kwa wiki mbili. Mwenyekiti aliandika barua ndefu kueleza kwamba yeye alikuwa mwenyekiti tu, na kwamba mwenyekiti hasemi, huongoza. Barua hiyo iliwasaidia sana wale watu wa ofisi, maana ilithibitisha kwamba mkutano ulikuwepo. Sijawahi kumwona mtu akijinyonga kwa adabu namna hiyo na asijue.

Miaka ikashuka ikawa miwili. Kocha alizuiwa kumfundisha mwanariadha yeyote, akavua filimbi akarudi kwa ng'ombe, ambao hawana ofisi Nairobi. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti, sasa ni wa kamati ya kisima, na nimesikia wamemchagua katibu mpya wakamwambia aandike kwa ufupi. Kanisani nikiketi, benchi langu hubaki na nafasi ya mtu mnene mwingine. Nami nikiwaona wakiinua mikono kwa kauli moja nasikia kichefuchefu, halafu nakumbuka kwamba nilijifunza kichefuchefu hicho nikiwa nimechelewa, na nikiwa na paja la kuku.

Mpwa wangu amebakiza miezi saba. Anakimbia peke yake kule Kiboko kwenye zile njia za vumbi, bila kocha na bila kamati. Sauti haijarudi yote. Anasema huenda isirudi, na akisema hivyo husema kama anayetaja bei ya sabuni. Dada yangu ananipikia tena, chakula bila mazungumzo.

Jumamosi moja mwezi uliopita niliomba nimshikie saa. Alifikiri, akasema, "Simama pale kwa mawe. Usiongee." Nilisimama pale kwa mawe, saa mkononi, na mtu anayenifahamu atajua kazi niliyofanya. Alimaliza mzunguko wa mwisho akitweta, jasho limeshikana na vumbi usoni, nikamwonyesha saa, akaiangalia, akaitikia kwa kichwa kwamba muda ni mzuri. Nikamnyooshea chupa ya maji. Nilikuwa nimeinunua dukani nikija, kifuniko hakijafunguliwa.

"Hapana, mjomba," akasema, bila ukali. Akatembea mpaka kwenye baiskeli yake, akafungua mfuko, akatoa maji yake mwenyewe akanywa.